UZI: Kongamano la kumuenzi Amy Kaplan lifanyike huku kwetu

Mzizima (mtoa uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuweka jukwaa la historia kwa makusudi. Nataka tuanze na wasomi na makongamano yao, siasa itafuata yenyewe.

Amy Kaplan alifariki Julai 2020. Alikuwa profesa wa Kiingereza Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na kabla ya hapo alifundisha Mount Holyoke, Massachusetts. Mwaka 2003 alikuwa rais wa American Studies Association, chama cha wasomi wanaoichunguza Marekani kuanzia fasihi na historia yake hadi sheria na utamaduni wake. Chama hicho kipo tangu 1951. Wasomi wa fani hiyo wana desturi nzuri ya kuwaenzi waliotangulia. Chama cha kimataifa cha IASA, kilichoasisiwa Bellagio mwaka 2000, kina tuzo ya makala bora ya kongamano yenye jina la Emory Elliott, aliyefariki 2009. Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut kina kiti cha uprofesa wa masomo ya Marekani chenye jina la Edward Said, msomi wa Kipalestina.

Hoja yangu ni hii: kongamano la kimataifa la kumuenzi Kaplan linastahili kufanyika upande wetu huu wa dunia, na mahali ninapopapendekeza ni Zanzibar.

Nianze mbali kidogo, Matadi.

Perry Miller, mzaliwa wa Chicago mwaka 1905, aliacha chuo akiwa kijana akaenda kutafuta maisha. Akafanya kazi ya ubaharia, na katikati ya miaka ya 1920 akajikuta Matadi, bandari ya Mto Kongo, akisimamia upakuaji wa mapipa ya mafuta yaliyotoka Marekani. Baadaye akawa profesa wa Harvard, na vitabu vyake kuhusu Wapuriti, Waprotestanti wa msimamo mkali waliohamia New England (kaskazini mashariki mwa Marekani) kutoka Uingereza, vikawa nguzo ya masomo ya Marekani. Katika dibaji ya kitabu chake cha 1956 anasema wito wa kuieleza Marekani tangu chimbuko lake ulimshukia pale Matadi, pembezoni mwa msitu, mapipa yakiteremshwa. Akajilinganisha na mwanahistoria Mwingereza Edward Gibbon, ambaye wazo la kuandika anguko la Roma lilimjia akiwa ameketi katikati ya magofu ya mji huo.

Sasa tulitazame lile gati. Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji. Reli ya Matadi hadi Léopoldville (Kinshasa ya leo) ilifunguliwa 1898 baada ya kugharimu maisha ya vibarua wengi mno, na kuanzia 1923 ilikuwa inajengwa upya, watu wakikusanywa vijijini kwa nguvu kwenda kupasua mawe. Miller alifika katikati ya hayo. Mapipa yale yalishushwa na watu, na watu hao walikuwa na majina, lugha, watoto, na wazee waliokuwa wakiwasubiri nyumbani. Kwenye dibaji hawamo. Limo pipa, umo msitu, yumo kijana wa Chicago aliyepata ufunuo.

Kaplan alianzia hapo hapo. Mwaka 1993, yeye na Donald Pease walihariri kitabu kinene cha makala kuhusu tamaduni za ubeberu wa Marekani, na makala yake ya ufunguzi inaisoma dibaji ya Miller mstari kwa mstari. Anauliza: inakuwaje mtu asimame Afrika, azungukwe na biashara ya kikoloni, akisimamia mafuta ya nchi yake yakiingia humo, halafu hitimisho lake liwe kwamba Marekani ni nchi iliyojizaa yenyewe nyikani? Kisha anataja mapengo matatu. Wanahistoria wa ubeberu wa Marekani walikuwa wanauacha utamaduni. Wasomi wa utamaduni wa Marekani walikuwa wanauacha ubeberu. Na wale waliochambua ukoloni wa Waingereza na Wafaransa walikuwa wanaiacha Marekani. Kila kundi lilikuwa na shamba lake, na palipokutana mipaka hapakulimwa na mtu.

Kwangu mimi hiyo ni moja ya makala zenye ujasiri mkubwa katika fani nzima, maana alimkabili mzee wa ukoo kwa kutumia maneno ya mzee mwenyewe.

Mfano mwingine ni Guantánamo. Makala yake ya 2005 inauliza swali linaloonekana jepesi: Guantánamo iko wapi? Cuba iliipangisha Marekani eneo lile mwaka 1903. Mkataba unasema mamlaka ya mwisho ni ya Cuba, lakini udhibiti wote uko mikononi mwa Marekani. Kaplan akaonyesha kwamba mahali pa namna hii, ndani na nje kwa wakati mmoja, hapakuzuka baada ya Septemba 2001. Nyuma yake zipo hukumu za Mahakama Kuu ya Marekani kuanzia 1901, zilizosema Puerto Rico ni mali ya Marekani bila kuwa sehemu ya Marekani.

Na sisi tumo humo. Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alifikishwa Guantánamo 2006, na mwaka 2009 akahamishiwa New York kujibu mashtaka ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani Dar es Salaam wa tarehe 7 Agosti 1998. Alikuwa wa kwanza kutoka gereza lile kuhukumiwa katika mahakama ya kiraia. Mkenya mmoja aliyekamatwa Mombasa 2007 alikaa Guantánamo hadi Desemba 2024 bila kufunguliwa mashtaka. Siku ile Dar waliuawa watu 11, na familia zao zilikuwa na haki ya kuona sheria ikifanya kazi mchana kweupe. Swali la Kaplan kuhusu Guantánamo ni swali letu kabisa.

Naendelea chini, mniachie nafasi.

Mzizima

Sehemu ya pili.

Hotuba yake kama rais wa American Studies Association Kaplan aliitoa Hartford, Connecticut, Oktoba 2003, miezi michache baada ya Marekani kuivamia Iraq. Aliliongelea suala la dola ya kibeberu waziwazi, mbele ya chama chake mwenyewe, wakati ambao kusema hivyo kulikuwa na gharama.

Hartford iko kando ya mto Connecticut. Ukiufuata kuelekea baharini, mwendo usiofika saa nzima kwa gari, unafika Deep River na Ivoryton. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 hapo ndipo pembe za ndovu zilizopitia Zanzibar zilipogeuzwa kuwa vibonyezo vya piano. Pembe ilikatwa mapande kwa msumeno, mapande yakachanwa kuwa vibanzi vyembamba kama kadi, na vibanzi vikapangwa ndani ya mabanda marefu ya vioo vianikwe juani wiki baada ya wiki, hadi weupe wake ulingane. Piano ilikuwa fahari ya sebule ya Mmarekani wa tabaka la kati. Binti wa nyumba alibonyeza kitu kilichobebwa begani kutoka Manyema na Unyamwezi hadi Bagamoyo, na wabebaji wengine walikuwa watumwa.

Na pembe hizo zilinunuliwa kwa kitu gani? Mara nyingi kwa merikani, nguo ya pamba isiyotiwa rangi iliyofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikasokotwa na kufumwa na wasichana wa viwandani wa New England, ikapakiwa kwenye meli za Salem, bandari ya Massachusetts, ikavaliwa hadi Ujiji. Mtumwa kwenye chanzo cha pamba, mtumwa kwenye chanzo cha pembe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861, shehena zilipungua huku kwetu, na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi.

Haya hayakuwa mambo ya pembeni. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ni wa 1833. Konsuli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa Salem, alianza kazi Zanzibar 1837. Waters alikuwa mpinga utumwa aliyekuja kutajirika katika mji ambao soko la watumwa lilikuwa wazi kila siku. Mtu huyu peke yake anatosha kikao kizima cha kongamano.

Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, kwenye kitabu chake cha 2008, ameonyesha jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa: wanunuzi wa huku ndio walioamua wenye viwanda wa kule wafume nini. Nguo ikija nyepesi au upana usiopendwa, ilikataliwa na mfanyabiashara akala hasara. Wanunuzi wa Pwani na bara walikuwa na kauli ndani ya uchumi wa Massachusetts.

Ndiyo maana nasema Zanzibar. Pale Kilimani pana Nyaraka za Taifa. Forodhani unaweza kusimama na kuonyesha meli za Salem zilitia nanga wapi. Karatasi za Waters, kwa upande wake, ziko Phillips Library, maktaba ya makumbusho ya Salem, ambayo tangu 2018 iko Rowley, Massachusetts. Mwanafunzi wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) au wa Mlimani anayetaka kuzishika mkononi anahitaji viza, nauli, na mtu wa kumpokea. Msomi wa Boston anakuja Zanzibar kwa viza anayolipia uwanja wa ndege. Makongamano ya IASA yamekwenda Leiden 2003, Ottawa 2005, Lisbon 2007, Beijing 2009, Rio de Janeiro 2011. Safari ya kuja huku inawezekana kabisa.

Karibuni.

Bandari_Salama

Mkuu Mzizima, nimeusoma wote, shukrani. Lakini nina neno. Kama tunamtafuta msomi marehemu wa kuenziwa na kongamano la kuijadili Marekani, mbona tunaye wetu? Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, alifundisha Michigan kuanzia 1974, baadaye Binghamton, na akafariki kule Oktoba 2014, akarudishwa kuzikwa Mombasa. Mfululizo wake wa televisheni wa 1986, uliotengenezwa na BBC na PBS, ulimkera mkuu wa mfuko wa serikali ya Marekani uliouchangia fedha, Lynne Cheney, hadi akataka jina la mfuko liondolewe kwenye orodha ya wafadhili. Mswahili aliyeisumbua Washington akiwa ndani ya Marekani. Kwa nini tumuenzi Kaplan kabla yake?

Mzizima

Mkuu, hoja nzito na naiheshimu. Mazrui anastahili kongamano lake, na kikao ndani ya hili pia. Kisa cha 1986 ni mada tosha: pesa ya umma ya Marekani, sauti ya Mwafrika, na nani anaruhusiwa kusimulia.

Ila Mazrui alifanya kazi kubwa ya kuieleza Afrika kwa ulimwengu. Kaplan alifanya kazi tofauti, aliigeuza Marekani yenyewe kuwa kitu cha kuchunguzwa kutokea nje. Huo ndio mlango ambao vyuo vyetu bado havijauingia vya kutosha. Tunazo idara za historia na fasihi zinazotufundisha kujichunguza sisi, na maktaba zilizojaa vitabu vya Wamarekani wanaotuchunguza sisi. Sisi kuwachunguza wao, kwa nyaraka zao na zetu, ni nadra. Afrika Kusini wameanza: Chuo Kikuu cha Wits, Johannesburg, walizindua kituo chao cha Afrika cha kuichunguza Marekani mwaka 2018. Kaplan anatupa mbinu ya kazi hiyo. Nampendekeza kama fundi ambaye zana zake zinafaa mikononi mwetu.

Kasapa

Jambo yenu wote. Miye niko wa Lubumbashi. Ndugu Mzizima, aksanti sana kwa kutaja Matadi, watu wengi wanapitaka juu yake. Lakini ukisema "kwetu", ujue Matadi ni inchi ya Bakongo, kule wanasema Kikongo na Lingala. Wakiitwa kwenye hiyo kongamano, waitwe kwa jina lao, wasikuwe tu mfano wa watu wa Zanzibar.

Halafu kuna jambo umeacha ambayo inapita yote. Shinkolobwe, huku Katanga, karibu na Likasi. Uranium ya ile mine ndiyo ilikuwa sehemu kubwa ya uranium ya bomu ya Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, alituma zaidi ya tani 1,000 New York, zikawekwa Staten Island, na 1942 jeshi ya Amerika ikanunua. Shehena zilizofuata zilipita wapi? Treni mpaka Port-Francqui, batela mpaka Léopoldville, treni tena mpaka Matadi, halafu meli. Matadi ile ile ya Perry Miller. Miaka ya 1920 mafuta ya Amerika inaingia, miaka ya 1940 uranium ya Katanga inatoka, inakwenda kumaliza vita ya dunia. Na baba zetu walichimba ile mawe na mikono.

Kwa hiyo kama mnatafuta pahali, kongamano ikuwe Kongo. Kinshasa, na siku moja washuke Matadi.

Darajani

Asalaam aleikum. Mimi naongeza la Zanzibar. Mwaka 1840 Sayyid Said alipeleka meli yake, Sultana, hadi New York, chini ya Ahmad bin Naaman. Ilitia nanga mwishoni mwa Aprili ikiwa na pembe, sandarusi, karafuu, kahawa, tende na mazulia. Jeshi la majini la Marekani likaitengeneza meli bila malipo kabla hairudi. Ahmad bin Naaman alichorwa picha, na picha hiyo ipo makumbusho ya Salem. Watu wa New York walijazana gatini kuwaangalia mabaharia.

Nalitaja kwa sababu mjadala wote umekuwa juu ya Wamarekani waliokuja. Wapo waliokwenda. Wakaiona New York, wakarudi Unguja wakahadithia. Kongamano likifanyika liwe na kikao cha Marekani ilivyoonekana na watu wa Pwani.

Na kumjibu ndugu Kasapa kwa heshima: Matadi ina haki yake, lakini mahoteli, ndege za moja kwa moja na nyaraka viko Unguja.

Mama_Kitabu

Jamani mada nzuri. Mimi nauliza la chini: nani analipa? Makongamano ya kuijadili Marekani nje ya Marekani mara nyingi yana mkono wa serikali yao, wa Fulbright (mpango wao wa kubadilishana wasomi) ama wa ubalozi. Mkiandaa kongamano la kumuenzi mwanamke aliyeuchambua ubeberu wa Marekani, kwa pesa ya ubalozi wa Marekani, mtakuwa na uhuru gani wa kuongea Guantánamo? Na wasipolipa wao, chuo chetu kipi kina bajeti hiyo?

Mzizima

Dada, umegusa penyewe. Nikupe mfano wa zamani. Mwaka 1947, vita ikiwa imeisha miaka miwili tu, mkutano wa kwanza mkubwa wa masomo ya Marekani barani Ulaya ulifanyika Salzburg, Austria, kwenye kasri la Leopoldskron. Waliouanzisha walikuwa wanafunzi wa Harvard na rafiki zao, na pesa za mwanzo zilitoka kwa jumuiya ya wanafunzi na wafadhili waliowatafuta wenyewe, bila serikali. F. O. Matthiessen, profesa wa fasihi wa Harvard, alifundisha pale, na vijana kutoka nchi zilizotoka kuuana walikaa darasa moja. Chakula kilikuwa shida, vitabu shida.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kongamano dogo. Watu arobaini badala ya mia nne. Vyuo vya nje vilipie wasomi wao, na ada yao iwe kubwa ili ibebe nauli ya vijana wa Kinshasa, Lubumbashi, Nairobi, Kampala na Bujumbura. Kumbi tutumie za SUZA. Ubalozi ukitaka kuja, uje kama msikilizaji. Ukichukua pesa ya mtu, hata asiposema neno, mwandaaji mwenyewe ataanza kupunguza makali ya mada.

Ndugu Kasapa, la Shinkolobwe limenishika sana. Bado natetea Zanzibar kwa sababu ya nyaraka na gharama, lakini mhadhara wa ufunguzi uwe wa Matadi na utolewe na Mkongomani, ukienda moja kwa moja kutoka mapipa ya miaka ya 1920 hadi uranium ya Katanga.

Kasapa

Nimekubali kidogo, si yote. Mhadhara wa ufunguzi ni heshima, aksanti. Lakini unaona, ni ile ile: Kongo inatoa malighafi, kiwanda kinakuwa pengine. Mara ya kwanza ikuwe Zanzibar, sawa. Ya pili iandikwe tangu sasa kwamba ni Kongo, na archives za Union Minière zenye ziko Bruxelles, tupiganie nakala zake zifike Lubumbashi mbele ya hiyo siku. Bila ile, tutakuja Unguja kusoma karatasi za wengine tu.

Bandari_Salama

Hapo Kasapa kasema kweli, iwekwe kwa maandishi. Na lugha? Mkiweka Kiingereza peke yake, nusu ya watu mliowataja wamekwisha tolewa. Mtu wa Kinshasa ana Kifaransa. Mtafiti mzuri wa mila za wapagazi unaweza kumkuta Tabora hana digrii ya nje.

Mzizima

Ikisiri zipokelewe kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, na mkalimani awepo ukumbini kwa Kiswahili na Kifaransa. Wasomi wa Marekani wanaochunguza merikani, pembe na sandarusi miaka yote hii, wakikaa Unguja siku tatu wakisikiliza kwa vipokea sauti masikioni, hilo peke yake ni kazi ya kitaaluma.

Naanza na rasimu ya mwito wa makala, ukurasa mmoja, nitaiweka hapa kwenye uzi. Kasapa, naomba uandike aya ya Matadi na Shinkolobwe. Darajani, wewe Sultana na kikao cha Marekani ilivyoonekana kutoka Pwani. Mama_Kitabu, bajeti, na uwe mkali.

Mama_Kitabu

Bajeti naichukua. Mstari wa kwanza ni nauli za wanafunzi, kumbi na chakula vitafuata.